Tongoni: kigae tunachotupa

Sisi watu wa shimo tunajua udongo. Tukifika kwenye ule mweusi, wenye makaa na vigae, tunasema "hapa waliishi watu", halafu tunautupa pembeni sababu hauna zahabu. Kule Tongoni, karibu na Kasongo, watafiti walichimba udongo wa namna ile ile, na wao walifuata vigae.

Ni Wakongo na Wabelgiji pamoja, wataalamu wa mambo ya kale na mpiga picha Georges Senga wa Lubumbashi. Walichimba mashimo madogo ya kujaribu, wakakaa na wazee kuwauliza. Habari yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Antiquity.

Tongoni maana yake kwenye matongo, fasi iliyohamwa. Ndiyo Kasongo ya Tippu Tip, soko la pembe na watumwa, mpaka askari wa Dhanis walipoiteka tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare ikafuata 1894. Muchele tunaokula na Kiswahili hiki vilipita njia ile ile. Lakini waliosikilizwa ni wakubwa: Tippu Tip alisimulia maisha yake, maofisa wa Ulaya wakaandika yao. Mpagazi, mtumwa, mama aliyepika katika kile chungu, nani aliwauliza? Chao kilichobaki ni kigae.

Njo maana tunaleta habari hii kwenu. Huku Kabambare, mwaka jana, vijana wetu walitoa chungu kizima shimoni, shanga ndani. PDG wa shimo akasema kazi isisimame. Jioni watoto walichezea vipande, shanga ziliuzwa, hakuna aliyeandika hata urefu wa lile shimo. Sisi wa sendika tulikuwepo. Tulinyamaza.

Code minier inamtaka mwenye kibali, akikuta vitu vya kale, asivihamishe na aarifu viongozi kwa barua. Sisi krezeri hatuna wa kutuandikia barua, lakini simu tuko nazo. Ukikuta chungu, shanga au mifupa, weka koleo chini, piga picha na shimo lionekane, funika, mwite chifu wa kijiji na mtu wa sendika.

Na ile siku ya kazi, nani atailipa? Tutaiweka mezani mbele ya maPDG: ihesabiwe, watoto wasilale njaa kwa ajili ya kigae. Bila hiyo hakuna mtu atasimamisha koleo, tusidanganyane.