Chemchemi za Mlima Elgon: Maji ni Amana, na Amana Ina Wenyewe

Familia ya Mombasa haihitaji kufundishwa thamani ya mtungi wa lita 20. Bomba likikauka siku tatu, mkokoteni wa muuza maji huwa mgeni wa kila mtaa, na mama wa nyumbani huanza kupima: haya ya kupikia, haya ya udhu, haya ya kufulia. Tena twajua kwamba sehemu kubwa ya maji ya mji wetu haitoki kwetu. Hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, na kusafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo anayeishi mbali na mlima ana haki ya kuuliza mlima huo unatunzwaje, na nani anautunza.

Juma hili tuielekeze nadhari yetu magharibi mwa nchi, Kitale na Bungoma, kwani yaliyowapata watu wa huko yatatufaa sisi pia.

Miji hiyo miwili imekaa chini ya Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Upande wa pili wa Kitale kuna milima ya Cherangany. Elgon na Cherangany ni miwili kati ya minara mitano mikuu ya maji ya Kenya. Mingine ni Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Hapo ndipo unapopata maji yake Mto Nzoia, unaopita Webuye na karibu na Mumias, mji ambao wafanyabiashara wa Pwani waliufikia karne ya 19 na Uislamu ukakita mizizi, hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili zilihudumiwa na kampuni moja, Kampuni ya Maji ya Nzoia.

Msitu wa mlimani hufanya kazi ya sifongo. Mvua ikinyesha, majani huvunja nguvu ya matone, mizizi huyapitisha maji ardhini, na ardhi huyaachilia kidogo kidogo kupitia chemchemi hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, maji yale yale huteremka kwa ghadhabu siku moja na kuadimika miezi mitatu. Ndiyo maana mto mmoja huweza kuwafurikia watu wa Budalang'i masika na kumtembeza mwanamke wa mlimani masafa marefu wakati wa ukame. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha yote mawili. Nayo Afrika, ambayo hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayopasha dunia joto, haikuwa chanzo chake kikuu.

Katika karatasi, haki ya maji imeandikwa vyema. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Lakini mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti, Kenya ilizindua Katiba ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Huduma za maji zikakabidhiwa kaunti. Swali lililobaki ni hili: ukilinda mlima kwa ajili ya haki ya mtu wa bondeni, utaifanyaje haki ya mtu wa mlimani?

Jibu la miaka mingi limekuwa kumhamisha. Chepkitale ni mbuga za nyasi zilizo juu ya msitu wa Elgon, makao ya kale ya Waogiek, wafugaji na warina asali. Mwaka 1968 sehemu ya mlima ilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa makazi wa Chebyuk, ili watu wa Chepkitale wahamie chini. Ardhi ya Chebyuk ikagawanywa na kugawanywa tena, kila awamu ikiacha manung'uniko mapya, hadi mgogoro ukazaa wanamgambo wa SLDF. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mamia ya watu waliuawa na maelfu wakahama makwao. Kisha likaja jeshi, na raia wakateseka mara ya pili. Wajane na mayatima wa Mlima Elgon wanajua kwamba siasa ya maji na ardhi haiishii katika mikutano.

Mwaka 2000 Chepkitale yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Baadhi ya Waogiek hawakukubali kuondoka. Waliandika kanuni zao za kutunza mlima, wakapiga marufuku uchomaji wa makaa, wakaweka walinzi kutoka miongoni mwao. Wakaenda mahakamani pia, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikaamua kwamba kuigeuza ardhi yao kuwa hifadhi kulikuwa kinyume cha sheria.

Upande wa Cherangany funzo lilikuja kwa damu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetenga Yuro milioni 31 kwa mradi wa kulinda minara ya maji na kukabili mabadiliko ya tabianchi, katika Elgon na Cherangany. Januari 2018, wakati Wasengwer wakiondolewa katika msitu wa Embobut, mwanamume mmoja wa jamii hiyo aliuawa kwa risasi, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha zake. Wahenga husema maji hufuata mkondo. Fedha za maji nazo zina mkondo wake, na usipowapitia wanaokaa kwenye chemchemi, hukauka njiani.

Si kwamba kila anayeishi msituni ni mlinzi wake. Wapo wanaokata miti kwa biashara, na serikali ina wajibu wa kuwazuia. Lakini kumwadhibu mrina asali kwa kosa la mkata mbao si uhifadhi. Msitu uliopoteza wenyewe wanaoujua hupoteza pia macho ya kuulinda usiku.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Kisima cha Ruma kule Madina kilikuwa mali ya mtu aliyewauzia watu maji, mpaka Sayyidna Uthman (r.a.) alipokinunua na kukifanya wakfu kwa wote. Mafakihi wetu pia waliweka harimu, yaani eneo la kuzunguka kisima lisiloruhusiwa kuharibiwa, na wakati huo huo wakakataza kumdhulumu mwenye ardhi. Kulinda maji na kulinda haki ya jirani vilikwenda pamoja.

Basi familia ya Pwani ifanye nini? Kwanza, ihudhurie vikao vya bajeti ya kaunti na kuuliza ni kiasi gani kimetengewa vyanzo vya maji, si mabomba peke yake. Pili, tangu ulipoanza mpango wa fedha za tabianchi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliopitishwa mwaka 2021, kaunti zimeunda kamati za mipango ya tabianchi katika wadi. Akina mama wasiwaachie wanaume pekee viti hivyo, kwani anayebeba mtungi ndiye anayejua uzito wake. Tatu, mwenye uwezo wa kuchimba kisima cha wakfu atenge pia fungu la kukitunza, maana visima vingi hufa kwa kukosa fundi, si kwa kukosa maji.

Tunapofungulia bomba la Mzima kwa ajili ya udhu, tukumbuke kwamba lina mwanzo wake, na kwamba mwanzo huo una majirani wenye haki zao. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika amana hii, na atunyeshee mvua ya kheri, isiyo ya maangamizi. Amin.