Ufalme Usio na Mipaka na Ufalme wa Kikatiba: Njia Mojawapo ya Kufundishia

Mwalimu wa historia anapoifikia mada ya tawala za kifalme za Ulaya katika karne ya 17, aghalabu huugawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja huandika Ufaransa, na upande wa pili Uingereza. Wanafunzi hunakili na kukariri, kisha katika mtihani hujibu kwamba Louis XIV alikuwa mkali na kwamba Waingereza walipenda uhuru. Jibu hilo halielezi kitu. Charles I wa Uingereza naye aliamini kuwa amepewa utawala na Mungu, na tangu 1629 hadi 1640 alitawala bila Bunge. Kwa nini basi yeye alikatwa kichwa mwaka 1649, hali Louis alifariki kitandani mwaka 1715 baada ya kukalia kiti cha enzi miaka 72?

Yafaa somo lianzie kwenye swali moja tu: nani alikuwa na uwezo wa kuidhinisha kodi?

Mfalme wa Ufaransa aliweza kuitoza kodi iliyoitwa taille bila ya kuliuliza Baraza Kuu la makasisi, makabaila na watu wa kawaida. Baraza hilo lilikutana mwaka 1614 na halikuitwa tena mpaka 1789. Makabaila hawakuona haja ya kulipigania, maana kwa jumla wao walisamehewa kodi hiyo. Mzigo ulimwelemea mkulima. Mikoani kazi ilisimamiwa na maofisa waliotumwa na mfalme, ambao aliweza kuwaondoa apendapo. Kwa fedha hizo Louis alilisha jeshi ambalo katika miaka ya 1690 linakadiriwa kuwa na askari zaidi ya 300,000.

Charles hakuwa na chemchemi kama hiyo. Alijaribu kuitumia kodi ya merikebu, ambayo kwa desturi ilidaiwa pwani wakati wa hatari, na mwaka 1635 akaieneza hata bara. Manung'uniko yakazidi. Waskoti walipoinuka kukipinga kitabu cha sala alichowalazimisha, hazina haikuweza kugharimia vita. Ikambidi aliite Bunge, na Bunge likataka malalamiko yake yasikilizwe kwanza. Mwaka 1642 vita vikazuka baina yao. Mwanawe, James II, alikimbilia Ufaransa mwaka 1688, na Sheria ya Haki ya 1689 ikakata shauri: pasiwe na kodi, wala jeshi la kudumu wakati wa amani, bila ya idhini ya Bunge.

Hapa mwalimu na ajihadhari. Vitabu vingi humtilia Louis kinywani maneno kwamba yeye ndiye dola. Hakuna ushahidi kuwa aliyasema. Tena, "usio na mipaka" ni jina lililozidi kimo. Vyeo vingi vya mahakama na vya fedha viliuzwa kwa matajiri, na mfalme hakuweza kumwondoa mwenye cheo pasipo kumrudishia fedha zake. Wala Bunge la Uingereza halikuwa la umma. Lilijaa wenye ardhi, na kibarua au mwanamke hakuwa na sauti humo.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza wanafunzi, nami ningelipa muda mrefu kuliko yote. Katika karne ya 18, kwa wastani, Mwingereza alilipa kodi kubwa kuliko Mfaransa. Bunge lilipoidhinisha kodi, wakopeshaji waliamini kuwa watalipwa, na Benki ya Uingereza, iliyoanzishwa 1694, ikaikopesha serikali. Mfalme aliyelazimika kuomba akapata zaidi kuliko yule aliyetoza. Darasa na libishane kuhusu hilo.

Kwa zoezi, mwalimu aligawe darasa kuwa mfalme na washauri wake, makabaila, na wakulima. Ampe mfalme vita na hazina tupu, atafute fedha kwanza kwa kanuni za Ufaransa, kisha kwa za Uingereza. Mwalimu asiwasaidie. Mwishoni awaambie kuwa mwaka 1789 Louis XVI, naye akiwa na hazina tupu, aliliita lile Baraza lililokuwa limelala miaka 175. Mada inayofuata huanzia hapo.