Kipande Mfukoni, Ila Kilianzia Shingoni

Sema ukweli, kipande chako kiko wapi saa hii? Kama wewe ni kijana wa Thika ama Ruiru, mkono tayari umepapasa mfuko. Tumezoea. Usiku mmoja nilishuka mat mtaani nikiwa na simu, funguo na shilingi hamsini. Kipande kilikuwa kimebaki kwa suruali ingine. Makarao wawili wakanisimamisha: "Kijana, kipande?" Niliachiliwa, lakini ile hamsini sikuondoka nayo.

Ushawahi kujiuliza hilo jina lilitoka wapi? Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kukaza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Ukitoka shambani bila mwajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mzungu hakuvaa kikopo hicho. Mhindi pia hakuvaa.

Kinachouma ni kwamba wengi wao walikuwa wametoka kulibebea jeshi la Uingereza mizigo vitani. Vita vilipoisha, askari wa kizungu waligawiwa mashamba hapa Kenya. Mwafrika alipewa kikopo.

Mwaka 1947 sheria mpya ikataka watu wa rangi zote wasajiliwe. Walowezi walipiga kelele sana: ati wao wachukuliwe alama za vidole kama Waafrika!

Sasa panda mat twende tao. Thika kuna kambi ya jeshi, na ukipita Ruiru unakutana na nyingine Kahawa. Na kile Chuo Kikuu cha Kenyatta unachokiona kando ya barabara kilikuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza, Templer Barracks. Serikali ya Kenya ilikabidhiwa mwaka 1965, ikageuzwa mahali pa kusomea. Mahali palipokuwa na bunduki leo kuna wasee wanatafuta digrii.

Mbele kidogo ni Kasarani. Wewe unaijua kwa mpira na konsati. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi walifanya msako na kuwapeleka watu uwanjani humo kukaguliwa vitambulisho. Wengi walikuwa Wasomali, wakiwemo Wakenya kama wewe. Miaka 60 kabla ya hapo, Aprili 1954, wanajeshi na polisi wa mkoloni waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Ukweli mchungu ni huu: nyanya zetu wa Kiambu na Murang'a walijua uchungu wa kuulizwa "wewe ni kabila gani?" kabla ya kuulizwa "umefanya nini?" Mwaka 2014, swali hilo lilipomfikia jirani Msomali, wengi wetu tulinyamaza.

Ukifika tao, tembea hadi Barabara ya Harry Thuku. Thuku alipinga kipande, kodi na kazi ya lazima ya akina mama mashambani. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume wasirudi nyuma. Risasi zikapigwa, zaidi ya watu 20 wakafa, yeye akiwemo. Wanawake hawakulazimishwa kubeba kipande wakati huo. Muthoni alikufa kwa mzigo uliokuwa kwa shingo ya mwingine.

Kwa hivyo ukisimamishwa leo, toa kipande kwa adabu, bila kujifanya mjuaji. Lakini Katiba ya 2010 pia uibebe. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa rangi na kabila. Cha 39 kinakupa uhuru wa kutembea. Cha 49 kinasema ukikamatwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, unaweza kunyamaza, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Hakuna mahali kimetaja hamsini.

Na ukiona jirani anavutwa kando kwa sababu ya jina lake ama sura yake, usiangalie simu. Uliza kosa lake ni gani.

Mimi chuo kilinishinda, lakini Kifungu cha 49 nimekihifadhi kwa simu. Wewe je?