Ubao na Daftari: Mipangilio ya Mtandao kwenye Linux kwa Kompyuta Iliyo Mbali Nawe

Umeme ukikatika Bunda usiku na kurudi alfajiri, kompyuta ya Linux inayohudumia ofisi nzima huamka yenyewe na kuwasha taa zake zote, lakini wafanyakazi wakifika asubuhi wanakuta hakuna mtandao. Fundi aliyeipangilia wiki iliyopita yuko Musoma. Anaapa kwamba aliiacha ikifanya kazi, na anasema kweli. Aliipa anwani kwa amri ya `ip`, ikatii papo hapo, watu wakaingia mtandaoni, naye akapanda gari akarudi. Ila amri ile haiandiki chochote kwenye diski. Inakiambia kiini cha mfumo nini cha kufanya sasa hivi, na kiini hukumbuka mradi umeme upo.

Ukielewa jambo hili moja, nusu ya usumbufu wa mtandao kwenye Linux umekwisha. Mipangilio hukaa mahali pawili: kwenye kumbukumbu ya kiini, na kwenye mafaili ambayo mfumo huyasoma kila unapowaka. Amri ya `ip` ni chaki ubaoni: inasomeka mara moja, na inafutika. Zana kama `nmcli` na `netplan` huandika daftarini. Katika mji ambao umeme haukatiki mtu anaweza kufanya kazi miaka asione tofauti. Mkoani Mara tofauti hiyo utaiona kabla mwezi haujaisha.

Kwa nini basi tushughulike na amri wakati kuna madirisha na vitufe? Kwa sababu ya barabara. Kutoka Musoma kwenda Bunda au Butiama unafika kwanza Makutano. Huko njia zinagawanyika, moja kusini kuelekea Bunda, nyingine mashariki kuelekea Butiama hadi Natta na Mugumu. Afisa TEHAMA anayetunza kompyuta za shule, kituo cha afya na ofisi katika pande zote hizo hawezi kufunga safari kila mtandao unaposita. Maandishi ya amri, yakipita ndani ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hutumia data kidogo mno, kiasi kwamba hata laini dhaifu ya simu huyabeba. Kuvuta picha ya dirisha zima la kompyuta ya mbali kwenye laini hiyo hiyo ni mateso.

Mkoa huu una historia yake katika jambo hili, na ningependa ijulikane zaidi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wilaya za Bunda na Serengeti zilikuwa uwanja wa majaribio wa mradi wa ICT4RD, ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo cha KTH cha Stockholm. Ndipo ulipozaliwa mtandao ulioitwa Serengeti Broadband Network, uliotumia nyuzi za fiba zilizopitishwa na TANESCO pamoja na nyaya zake za umeme. Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, alipata shahada ya uzamivu KTH mwaka 2011 kwa utafiti uliojengwa juu ya kazi hiyo.

Somo kubwa walilolipata huko lilihusu umeme. Fiba yenyewe ilikuwa tayari inaning'inia juu ya nguzo. Kazi ilikuwa kuviweka hai vifaa vya vituoni gridi inapoyumba. Katika maandiko yao ya mwaka 2011 Nungu na wenzake walizungumzia kuchanganya gridi na umeme wa jua, na kutumia ruta zinazokula umeme mdogo. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo naye ni Robert Olsson wa Sweden, na jina hilo halikuwa geni kwa wanaoujua undani wa Linux. Mwaka 2001 Olsson, Jamal Hadi Salim na Alexey Kuznetsov waliandika pamoja juu ya njia mpya ya kiini cha Linux kupokea pakiti. Badala ya kadi ya mtandao kukikatiza kichakataji kwa kila pakiti moja, kiini kinakwenda chenyewe kuzichota kwa mafungu pale zinapokuwa nyingi. Njia hiyo, iitwayo NAPI, imo hadi leo, na ndiyo mojawapo ya sababu kompyuta ndogo isiyo na nguvu inaweza kufanya kazi ya ruta bila kuzidiwa. Kuznetsov ndiye aliyeandika amri ya `ip`. Kwa hiyo fundi wa Bunda anapoandika `ip route` anatumia kazi ya kundi la watu ambalo mwenzao mmoja aliumiza kichwa kwa ajili ya vituo vya wilaya hiyo hiyo.

Wengi tulifundishwa `ifconfig`. Hiyo ni amri ya kale, ilitoka na Unix ya Berkeley mwaka 1983, na bado imo vitabuni. Nakushauri uiache. Tangu Debian 9 ya mwaka 2017 haiji tena na mfumo, na tatizo lake ni zaidi ya uzee: kadi moja ikipewa anwani mbili kwa `ip`, `ifconfig` inaweza kukuonyesha ya kwanza tu na kunyamaza kuhusu ya pili. Chombo cha uchunguzi kinachoficha nusu ya jibu hakifai.

Simu ikipigwa kwamba "mtandao umekata", usiguse mpangilio wowote kwanza. Uliza maswali, tena kwa mpangilio, ukianzia kwenye waya na kupanda juu. Anza na:

`ip -br link`

Amri hii inaorodhesha kadi za mtandao, mstari mmoja kwa kila kadi. Ukiona neno NO-CARRIER, hakuna mawimbi yanayofika kwenye kadi: waya umechomoka, au swichi imezimika. Hapo hakuna amri itakayosaidia. Mwombe aliyeko huko akague waya. Nimeona watu wakibadilisha anwani mchana kutwa ilhali panya amekula waya nyuma ya kabati. Waya ukiwa mzima, fuata `ip -br addr`. Kadi iko hewani lakini haina anwani? Basi ruta inayogawa anwani haikujibu, au anwani iliandikwa ubaoni ikafutika na umeme. Kisha `ip route`. Tafuta mstari unaoanza na neno `default`, ambao hutaja lango: mlango ambao pakiti zote za nje hupitia, kwa mfano 192.168.10.1. Mstari huo usipokuwepo, kompyuta itaongea na jirani zake wa ofisini tu.

Amri inayosahaulika mno ni `ip neigh`. Inaonyesha majirani ambao kompyuta imewatafuta kwenye mtandao wa ndani na kama wameitika. Lango likiwa na neno FAILED mbele yake, anwani ya lango imeandikwa lakini hakuna kifaa kinachoijibu: ama ruta imezimika, ama mtu ameibadilisha ruta na mpya inatumia anwani nyingine. Ndilo kosa la kila siku ofisi inapohama kampuni ya intaneti. Hapo unaokoa nusu siku ya kubahatisha.

Lango likiitika, toka nje kwa `ping -c 4 1.1.1.1`. Majibu yakirudi, mtandao upo, hata kama kivinjari kinasema haupo. Kinachobaki ni majina. `getent hosts costech.or.tz` itakuambia kama kompyuta inaweza kugeuza jina kuwa anwani. Isipoweza, tatizo ni seva ya majina, na huna haja ya kugusa kitu kingine. Zingatia pia muda ambao `ping` inauonyesha. Setilaiti za kale za mawasiliano hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pakiti ikipanda, ikashuka, na jibu likapanda na kushuka, mwanga wenyewe umeshatumia karibu nusu sekunde njiani. Ndivyo Tanzania ilivyokuwa kabla mkongo wa SEACOM haujatua Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy kuufuata mwaka 2010. Ukiona milisekunde 600 na zaidi kwa kila jibu, tena bila kupanda na kushuka, jua kuna setilaiti ya aina hiyo njiani. Zikiruka kutoka 40 hadi 900 na kurudi, njia yako ni ya nchi kavu lakini ama imejaa ama mawimbi ya redio hayajatulia.

Umeshajua kilichoharibika, na kinachotakiwa ni kubadilisha anwani ya seva iliyo Butiama ukiwa Musoma. Hapa ndipo mafundi wazuri hukata tawi walilokalia: wanabadilisha anwani ile ile wanayopitia, SSH inakatika, na safari ya Makutano inaanza. Udhaifu wa ubao sasa unakuwa kinga yako. Kwanza fungua `tmux`, ili laini ikisita kazi yako isife nayo. Kisha agiza kompyuta ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi:

`sudo shutdown -r +10`

Sasa fanya mabadiliko kwa `ip`, ambayo hayaandiki daftarini. Kama umekosea na umejifungia nje, subiri. Dakika kumi zikiisha kompyuta itawaka na mipangilio ya zamani, kana kwamba hukuigusa. Kama umefaulu kuingia kwa anwani mpya, futa agizo kwa `sudo shutdown -c`, na hapo ndipo uyaandike mabadiliko kwenye faili. Fanya hivyo saa ambazo hakuna anayeitegemea seva. Kituo cha afya chenye foleni ya wagonjwa si mahali pa majaribio ya saa nne asubuhi.

Kuandika kwenyewe kunategemea aina ya Linux. Kwenye mifumo inayotumia NetworkManager, mradi ulioanzia Red Hat mwaka 2004, utaandika:

`nmcli con mod ofisi ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.10.5/24 ipv4.gateway 192.168.10.1 ipv4.dns 192.168.10.1`

Neno `ofisi` hapo ni jina la muunganisho. Majina yaliyopo utayaona kwa `nmcli con show`. Amri hii inaandika tu. Haibadilishi kitu mpaka useme `nmcli con up ofisi`, na wengi huishia njiani wakishangaa kwa nini hakuna kilichotokea.

Ubuntu ya seva, tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017, hutumia Netplan. Mipangilio iko katika faili lenye mwisho wa `.yaml` ndani ya `/etc/netplan`, na nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya maana yake. Kitufe cha Tab kikitumika, faili linakataliwa. Usitumie `netplan apply` kwenye kompyuta iliyo mbali. Tumia `sudo netplan try`: inaweka mipangilio mipya, inasubiri sekunde 120 ubonyeze Enter kuthibitisha, na usipobonyeza inarudisha ya zamani. Ukijifungia nje hutaweza kubonyeza, na hilo ndilo linalokuokoa.

Kuna jambo moja la nje ya Linux ambalo lazima lifanyike ukiwa bado umesimama mbele ya kompyuta hiyo: ingia kwenye mipangilio ya BIOS na uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi. Bila hilo yote niliyoyaandika hapa yanangoja kidole cha mtu.

Lingine ni kufikika. Anwani zinazoanza na 192.168 au 10 ni za ndani. Hakuna anayeweza kuzifikia kutoka nje, na laini za simu nazo kwa kawaida humpa mteja anwani ya namna hiyo. Dawa yake ni kompyuta ya mbali ijenge njia ya siri kuja kwako, badala ya wewe kuitafuta. WireGuard, iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2020 na toleo la 5.6, hufanya kazi hiyo kwa faili fupi. Weka mstari wa `PersistentKeepalive = 25` upande wa Butiama, ili kila sekunde 25 itume pakiti ndogo ya kuiweka njia wazi. Kisha `sudo wg show` itakuonyesha lini pande mbili zilisalimiana mara ya mwisho.

Ofisi nyingi sasa zina njia mbili, fiba na modemu ya simu. Linux ikiwa na malango mawili huchagua lenye namba ndogo ya `metric` katika `ip route`. NetworkManager kwa kawaida huupa waya 100, Wi-Fi 600 na modemu 700, kwa hiyo fiba hutangulia na bando halimaliziki bure. Lakini fiba ikikatwa na greda huko kwenye matengenezo ya barabara, waya kati ya kompyuta na ruta ya ofisini unabaki mzima, na kiini hakina njia ya kujua kwamba mbele ni giza. Ndiyo maana NetworkManager inaweza kupima kama intaneti inafikika kweli. Ikikuta haifikiki, huongeza 20000 kwenye `metric` ya njia hiyo ili modemu ishike zamu. Kwa hiyo ukiingia asubuhi ukaona lango la fiba limeandikwa 20100 badala ya 100, acha mipangilio ya kompyuta kama ilivyo na umpigie simu mtoa huduma.