Fahamu: Ushauri nasaha wa mtandaoni unavyofanya kazi

Ushauri nasaha wa mtandaoni ni mazungumzo ya faragha kati ya mteja na mshauri aliyesomea kazi hiyo, kwa simu, video au ujumbe. Wengi huutafuta kwa shida za kila siku: madeni, ugomvi wa ndoa, msongo wa kazini, usingizi uliopotea.

Njia inayotumika sana ni tiba ya utambuzi na tabia, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba wazo, hisia na tendo huathiriana. Kwa mfano, mama lishe mwenye deni la kikoba hujiambia, “Nimeshindwa maisha.” Mshauri hamhubirii. Humwomba aliandike wazo hilo daftarini, kisha yanayolithibitisha na yanayolipinga. Halafu wawili hao huchagua pamoja hatua moja ndogo ya wiki hiyo, labda kumpigia mweka hazina na kuomba alipe kidogo kidogo. Kikao kinachofuata huanza kwa kuuliza hatua hiyo ilifikia wapi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokaribiana na njia hiyo, wenye vikao 5 vinavyofundisha kupumua polepole ili kutuliza mwili, kutatua matatizo, kurejea shughuli zilizoachwa na kuimarisha uhusiano na watu wa karibu.

Mtandao una mipaka. Anayefikiria kujiua au anayepigwa nyumbani anahitaji msaada wa ana kwa ana bila kuchelewa. Kwa wengine, la kwanza ni kuuliza mshauri amesomea wapi na siri zao atazitunzaje.