Leza na soko la diski: kasi siyo bidhaa

Mwaka 1996, mjini Strasbourg, Ufaransa, Eric Beaurepaire na wenzake walipiga utando mwembamba wa nikeli kwa leza iliyowaka kwa femtosekunde 60 tu, wakaona sehemu kubwa ya usumaku wake ikitoweka kabla pikosekunde moja haijakwisha. Mwaka 2007 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walifika mbali zaidi: kwa mwanga peke yake, bila koili ya umeme ya kuzalisha usumaku, waligeuza mwelekeo wa usumaku katika aloi ya gadolini, chuma na kobalti. Tangu hapo umekuwapo utabiri kwamba diski za kompyuta zitaandikwa kwa mwanga, kwa kasi isiyowahi kuonekana. Utabiri huo unakosea hesabu ya soko. Mwenye kituo cha data hanunui femtosekunde. Ananunua terabaiti, na anazitaka kwa bei nafuu.

Ndiyo maana leza iliyoingia sokoni kwanza ni ile isiyo na haraka. Januari 2024 kampuni ya Seagate ilitangaza diski za zaidi ya terabaiti 30. Ndani yake, leza ndogo iliyobebwa na kichwa cha kuandikia hupitisha mwanga kwenye antena ya dhahabu, ukapasha doa la chuma na platinamu lenye upana wa makumi ya nanomita hadi nyuzi 400 na ushei, kwa muda wa kama nanosekunde moja. Aloi hiyo ni ngumu mno kugeuzwa ikiwa baridi, na ugumu huo ndio unaolinda data katika chembe ndogo. Ikipata joto hulegea kama chuma cha mhunzi, koili ikaandika, kisha ikapoa.

Watetezi wa mipigo mifupi watauliza: kwa nini basi koili isiondolewe? Kwa sababu lenzi ya kawaida huacha doa la mamia ya nanomita, pana kuliko biti nyingi kwa pamoja. Antena ya dhahabu ingelibana, lakini hata kwa leza ya sasa joto limeitesa antena hiyo kwa miaka. Na diski yenyewe husubiri mkono wake usogee kwa milisekunde kadhaa, kwa hiyo kasi ya kuandika biti moja hapo haiokoi kitu.

Hoja yao yenye uzito iko kwingine. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba katika aloi za gadolini mpigo mmoja wa joto unatosha kugeuza usumaku, bila koili wala mwanga ambao mawimbi yake huzunguka, kama ule wa Nijmegen. Kwenye chipu za kumbukumbu, ambako hakuna mkono wa kusubiriwa, kasi hiyo ina mnunuzi. Mtaji wa utafiti uelekezwe huko, na kwanza kwenye kupunguza leza ya femtosekunde kutoka ukubwa wa meza ya maabara hadi ikae ndani ya chipu.