Ujira, Mafunzo na Nafasi ya Kaya katika TASAF

Kaya iliyoandikishwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), haiishii kupokea ruzuku, kwa kuwa wanakaya wenye nguvu hupewa ajira za muda katika miradi ya kijiji, hufundishwa biashara na ufugaji, na huhimizwa kujiunga na vikundi vya kuweka akiba na kukopa. Kwa mlengwa wa Ipyana, wilayani Kyela, ni muhimu kujua kama fedha anayoipata kwa ajira au mafunzo hayo inaweza kumwondolea ruzuku.

Ujira wenyewe haumwondolei. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, ajira za muda zililipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, yaani shilingi 138,000, na malipo hayo yaliongezwa juu ya ruzuku.

Kwa kuwa maskini wengi hawana hati ya mshahara, kaya hutambuliwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kisha hujaziwa dodoso linalokadiria hali yake kwa dalili zinazoonekana, kama vile idadi ya wanakaya, ubora wa nyumba na mali zilizomo. Hapo ndipo mafunzo yanapogusa sifa ya kusaidiwa: fedha iliyonunua unga haiachi alama, ilhali iliyonunua bati huonekana kaya inapohakikiwa upya, na kaya iliyoimarika huhitimu, yaani hutoka katika mpango.

Kyela kipimo hicho kinahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu maskini wengi hutegemea vibarua vya mpunga, na wakati wa masika mito hufurika hadi kwenye mashamba ya bondeni. Mama aliyefundishwa kufuga nguruwe, akauza na kuezeka nyumba, hubaki na bati lake hata homa ya nguruwe inapomaliza zizi lote, lakini kipato kilichonunua bati hilo hakipo tena. Haki ingekuwa kuihakiki kaya katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, na kuuliza inaishi kwa kutegemea nini sasa. Kaya inayoona imeondolewa kimakosa ina njia ya kuwasilisha malalamiko kuanzia kijijini hadi halmashauri, na inafaa ieleze bayana ilichopoteza, na ilikipoteza lini.